Neno Likigoma Mlimani

Kitu cha kwanza wanachojifunza wagumu wakija darasani kwangu si salamu, wala si majina ya vilele. Ni "Sorry?", itamkwe kwa sauti inayopanda, macho yakiwa kwa mgeni. Wengi hucheka. Mtu ametoa ada yake, amekuja na daftari jipya na kalamu mbili, anangoja nianze na nyakati za vitenzi kama alivyozoea shuleni, halafu namwambia kwamba jioni nzima tutajifunza namna ya kumwambia mtu hujamsikia. Lakini katika yote ninayofundisha, hilo ndilo gumu kuliko yote. Vitenzi watu wanavimeza. Kukiri mbele ya mgeni kwamba umepotea, hapo ulimi unakuwa mzito.

Nieleze kwanza wagumu ni akina nani, maana msomaji wa Mtwara au Mombasa anaweza kudhani nawasema vibaya. Mgumu ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Ndivyo wanavyojiita wenyewe, tena kwa fahari. Ndiye anayebeba hema, mtungi wa gesi, viti, meza na begi la mgeni, mzigo ambao kwa kanuni za hifadhi haupaswi kuzidi kilo 20, na anatakiwa afike kambini kabla ya mgeni ili mgeni akute chai iko tayari. Juu yake kuna mpishi, kuna msaidizi, halafu mwongoza wageni mwenye leseni. Kupanda ngazi hiyo hakutaki mapafu peke yake. Vijana wa Machame, Kibosho na Old Moshi mapafu wanayo tangu utotoni. Kinachowakwamisha ni kuongea Kiingereza na mtu mmoja siku sita au saba mfululizo, kutoka getini hadi kileleni, mita 5,895, na kurudi. Kwa hiyo masika yakianza, Aprili na Mei, mlima ukilowa na wageni wakipungua, wanakuja kwangu jioni, chumba cha uani karibu na Soko la Mbuyuni hapa Moshi.

Hawaji mikono mitupu. Wengine wamemaliza kidato cha nne, wengine darasa la saba, na wote wameonja Kiingereza cha shule. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili; mtoto akivuka kuingia kidato cha kwanza, hisabati na biolojia zinageuka Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, na ripoti yao ikasema bila kumung'unya kwamba wengi hawakuwa na lugha ya kutosha kusomea masomo hayo. Sekondari nimeifundisha kwa miaka, najua mtoto anavyoishi katika hali hiyo. Anajifunza kujiokoa. Mwalimu akiuliza "Do you understand?", darasa zima linaitikia "Yes, madam!" kwa sauti moja. Ukiulizwa peke yako unasimama, unatazama sakafu, unangoja mwalimu achoke akuambie ukae. Kungoja huko kunalipa: ukinyamaza hakuna wa kukucheka, ukijaribu ukakosea utatoka na jina la utani litakalokufuata hadi mahafali. Na ziko shule ambazo mtoto aliyekutwa akiongea lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni. Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia mambo hayo ya Kenya ya ukoloni katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha 1986, na msomaji wangu mwenye umri kama wangu hana haja ya kwenda hadi Kenya kuyapata.

Matokeo yake ni mtu mwenye maneno mengi tu ya Kiingereza kichwani, lakini asiye na la kufanya neno moja likikosekana. Na neno litakosekana. Linakosekana hata kwa mwenye lugha yake.

Watafiti wameliangalia jambo hili kwa karibu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1972 Larry Selinker, Mmarekani, aliandika makala ambayo walimu wa lugha wanaisoma hadi leo. Alisema lugha ya mtu anayejifunza isitazamwe kama Kiingereza kilichoharibika. Ni lugha yenye taratibu zake, iko katikati ya ile ya nyumbani na ile anayoiendea. Miaka michache baadaye Elaine Tarone akauliza swali la mtu wa kazi: huyo mwanafunzi akifika mahali neno hana, anafanya nini hasa? Akakuta watu hufanya mambo yale yale. Wapo wanaokwepa mada kabisa, na wapo wanaoanza sentensi wakaiacha njiani. Wengine hulizunguka neno, hubuni jipya, hutafsiri kutoka kwao, huchomeka neno la lugha yao, huomba msaada, au huigiza kwa mikono. Mwaka 1980 Michael Canale na Merrill Swain, wakiwa Canada, wakaenda mbele zaidi na kusema ujuzi huo wa kuokoa mazungumzo yanapokwama ni sehemu ya kuijua lugha, hauko nje yake. Kwa mwalimu aliyelelewa na kalamu nyekundu hayo yalikuwa maneno mazito.

Ukipanda mlima utaiona orodha yote ya Tarone ikitembea na mizigo kichwani. Jioni, mgeni akiwa amejilaza hemani, atasikia sauti nje: "Washy washy!" Ni mgumu amemletea beseni la maji ya moto anawe. Hakuna kamusi iliyompa neno hilo. Njiani mwongoza wageni anawahimiza watu wanywe maji kidogo kidogo: "Sippy sippy!" Na mpishi anatambulishwa kama "stomach engineer", injinia wa tumbo, na wageni wanacheka, wanapiga makofi, jina la mpishi wanaweza kulisahau lakini cheo chake hawakisahau. Maneno haya yametungwa na watu ambao baadhi yao hawakuona mlango wa sekondari. Walihitaji neno, hawakuwa nalo, wakatengeneza, na sasa wageni wanaondoka nayo kwenda kwao. Nimeona mara nyingi kwamba mgumu wa darasa la saba anaongea na mgeni kirahisi kuliko mwenzake mwenye cheti cha kidato cha nne. Yule wa cheti anakijua Kiingereza zaidi, ila anakijua kama mtu anavyojua sheria za barabarani: akili yote iko kwenye kosa na faini.

Tena mbinu hizi hatuzianzi upya tukiingia katika Kiingereza. Msikilize Mswahili yeyote jikoni: "Hebu nipe kile kidude, nanii, cha kufungulia ile nanii." Na anapewa! Hakuna aliyemwambia lugha yake mbovu. Uholanzi, katika Chuo Kikuu cha Nijmegen, kikundi cha akina Eric Kellerman, Theo Bongaerts na Nanda Poulisse kiliwapa watu maumbo ya ajabu yasiyo na jina, wakayaeleza kwa Kidachi, halafu kwa Kiingereza. Njia walizotumia katika lugha yao na katika lugha ya kigeni zilifanana sana. Kilichopungua kwenye Kiingereza ni maneno. Akili ya kulizunguka jambo ilikuwa ile ile. Ndiyo maana mimi siwafundishi wagumu mbinu kana kwamba ni kitu kipya. Nawarudishia walichokuwa nacho kabla shule haijawaambia wakae kimya.

Namna ninavyofanya ni hii. Nina kiroba. Ndani yake natia vitu vya nyumbani: chujio, kibanio cha nguo, kata, pasi ya mkaa, mwiko. Mtu anachungulia bila wenzake kuona, kisha anakieleza kwa Kiingereza mpaka mtu akitaje kwa Kiswahili. Kutaja jina la Kiingereza hakuruhusiwi, hata kama unalijua. Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Kijana mmoja, mwenye sarufi safi kuliko wote msimu ule, alipata chujio. Akasimama. "It is used…" Akanyamaza. "It is a tool which is used…" Akatazama sakafu, ile ile ya kidato cha pili, nikaijua. Akasema "I don't know its name" akakaa. Jina lenyewe hakuna aliyemwomba.

Baada yake aliinuka mzee mmoja, mgumu wa siku nyingi, tunamwita meku, darasa la saba, meno ya mbele mawili hana. Yeye alipata kibao cha mbuzi. Akakaa kwanza, akaweka miguu upande. "This chair," akasema. "Small chair. Mama chair. Chair have mouth, mouth have teeth, iron." Mkono ukaanza kuzunguka. "Coconut come, teeth eat, eat, eat. Down, snow!" Darasa zima likapiga kelele: mbuzi! Ukiisahihisha sarufi yake kalamu itaisha wino. Lakini aliweka kila kitu kinachohitajika: ni kitu cha aina gani, kina umbo gani, nani anakitumia, kinafanya nini, kinatoa nini. Na ile theluji aliichukua mahali anapoijua.

Kutokana na jioni kama hizo niliwaandikia ubaoni vipande vichache vya sentensi, wavishike kama kamba: "It's a kind of…", "It's like a… but…", "It's for…", "You use it when…" Ukiwa na hivyo vinne unaweza kueleza karibu chochote. Machela, kwa mfano. Kilimanjaro zipo machela za chuma zenye gurudumu moja katikati, za kushushia mgonjwa. Mgumu asiyejua neno "stretcher" akisema "It's like a bed, but with one wheel, for sick people", mgeni yeyote ameelewa, tena amejua zaidi ya ambavyo lile neno moja lingemwambia. Malengelenge ya miguu: "It's like a small water bag, on the skin, because of the shoe." Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilituchukua jioni nzima, kwa sababu kila mmoja alikuwa na maoni kuhusu kiasi cha ulezi.

Kuna wataalamu wanaosema kazi hii haina maana. Ellen Bialystok wa Canada, katika kitabu chake cha 1990, alishikilia kwamba mwalimu afundishe lugha, mbinu zitajileta zenyewe, kwa kuwa mtu anazo tayari. Upande wa pili, Zoltán Dörnyei alichukua wanafunzi wa sekondari wa Hungaria, akawapa mafunzo ya wiki sita: kukwepa na kubadili mada kwa makusudi, kulizunguka neno, kutumia vijazio vya kununua muda. Alichapisha matokeo 1995, na wanafunzi walikuwa wameongeza ubora na wingi wa maelezo yao. Mimi niko na Dörnyei, ingawa hoja ya Bialystok naiheshimu. Ni kweli meku alikuwa nazo. Lakini yule kijana wa chujio naye alikuwa nazo, jikoni kwa mama yake; darasani hazikuonekana mpaka alipopewa ruhusa. Nadhani nusu ya ninachofundisha ni hiyo ruhusa.

Vijazio navyo vina kazi kubwa kuliko vinavyoonekana. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa lugha kumi za mabara mbalimbali, ukiongozwa na Tanya Stivers, ukionyesha kwamba mtu akimaliza kuuliza, jibu huanza kwa wastani wa sehemu moja ya tano ya sekunde. Karibu sawa na kupepesa macho! Mgumu anayetafsiri kichwani hawezi kuiwahi kasi hiyo. Mgeni anauliza, kimya kinaingia, mgeni anadhani hajaeleweka, anarudia kwa sauti kubwa, mgumu anazidi kubabaika. Lakini akisema "Mmm, let me think…", au "How can I say…", zamu imekuwa yake na mgeni anatulia kungoja. Tunavifanyia mazoezi hivi vijineno kwa kutembea uani, hatua kwa neno, mpaka vitoke bila kufikiriwa. Wengine wamevipenda mno. Kuna mmoja alianza kusema "How can I say" hata akiulizwa jina lake.

Kutafsiri kutoka Kiswahili ndiko kunakotaka uangalifu, na hapa nisiwe na mzaha sana. Sehemu kubwa haina madhara. "I am hearing cold", kwa kuwa kwetu baridi tunaisikia, mgeni ataielewa na kesho ataisimulia kwao kama shairi. Mgeni akijikwaa, mgumu anasema "Sorry, sorry!", na mgeni anashangaa: si kosa lako, mbona unaomba radhi? Siku ya tatu ameshazoea. Yapo mawili, hata hivyo, yanayonitoa jasho.

La kwanza ni saa. Usiku wa kwenda kileleni, kambi kama Barafu, zaidi ya mita 4,600, safari huanza kuzunguka saa sita usiku. Mwenye kutafsiri neno kwa neno atasema "We start at six in the night". Mgeni atahesabu kwa saa yake: saa kumi na mbili jioni. Nilishaambiwa habari ya mgeni aliyekaa tayari amefunga viatu, taa kichwani, jua halijazama. Huyo alipoteza usingizi tu. Ila geuza kosa hilo liwe kwenye muda wa kumeza dawa, na utaona kwa nini nalikazania. Kwangu saa haitajwi bila kuonyeshwa: unanyoosha mkono, unaweka kidole kwenye saa ya mgeni mwenyewe, unasema "twelve, here".

La pili ni swali lenye kukanusha. Mgeni mwenye huruma anamuuliza mgumu, "You haven't eaten yet?" Mgumu anajibu "Yes", maana yake ndiyo, usemavyo ni kweli, sijala. Mgeni anaelewa ameshakula, anafunga mfuko wake wa karanga. Wanacheka wote tukiigiza hili darasani, kwa sababu kila mmoja limemkuta kwa namna yake. Ligeuze sasa. Msaidizi anamuuliza mgeni, "You don't have headache?" Mgeni anasema "No". Hana, au anakataa kwamba hana? Kwenye tambarare utata huo ni kichekesho. Kule juu hewa ikiwa nyepesi, kichwa kinachouma ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko, na anayeupuuza anaweza kuishia na maji kwenye mapafu au uvimbe kwenye ubongo. Hivyo tuna amri moja: usiulize kwa kukanusha. Uliza "How is your head?" na umwache mgeni aseme.

Na mgeni akisema, shida inahamia kwenye masikio. Waingereza hasa. Hawasemi wanaumwa, wanasema "a bit queasy", "slightly woozy", "not quite myself". Vitabu vyetu havikuwa na maneno hayo. Hapo ndipo inaporudi ile "Sorry?" ya siku ya kwanza, pamoja na ndugu yake ambayo ni rahisi zaidi: shika neno la mwisho ulilosikia, lirudishe kwa mwenyewe likiwa swali. "Queasy?" Karibu kila mtu ataeleza kwa maneno mengine, na atashika tumbo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Michael Long alionyesha kwamba maswali madogo kama haya, ya kuomba ufafanuzi na kuhakikisha, ndiyo yanayomlazimisha mzungumzaji alainishe lugha yake hadi ieleweke, na akashikilia kwamba mwanafunzi anajifunza hapo hapo. Mgumu anayeuliza anapewa somo bure na mtu aliyelipa kupanda mlima.

Wakikwama kabisa, kuna namba. Madaktari wa milimani wana kipimo kinachoitwa Lake Louise, kilichorekebishwa 2018, chenye dalili nne: kichwa, tumbo, uchovu, kizunguzungu. Kila moja inapewa alama kutoka 0 hadi 3. Jumla ikifika 3 na kichwa kikiwamo, huo unahesabiwa kuwa ugonjwa wa mwinuko. Nakipenda kwa sababu za kilugha. Vidole vitatu havina lafudhi.

Kwa nini basi mtu mzima, anayejua yote haya, bado anatikisa kichwa na kusema "yes, yes" wakati hajaelewa kitu? Nimewauliza. Shule ni sababu moja, na adabu ni nyingine; mtu aliyelelewa vizuri hamkatishi mgeni maneno. Ya tatu wanaisema kwa sauti ya chini: tipu. Wanaogopa mgeni akiona hujui, bahasha ya siku ya mwisho itakuwa nyembamba. "Madam," kijana mmoja aliniambia, "nikimwambia sijasikia, si ataniona mjinga?" Mwenzake akamjibu kabla yangu: "Yeye mwenyewe amekuja na 'jambo' na 'hakuna matata', nani mjinga hapo, kaka?"

Jibu hilo lina ukweli ambao darasa huusahau. Wageni wengi Kiingereza si chao. Wanatoka Ujerumani, Ufaransa, Korea, Uhispania. Nao wanalizunguka neno, wanaigiza, wanatikisa kichwa kwa adabu. Alan Firth, katika makala ya 1996, alichunguza simu za wafanyabiashara wa Denmark wakiongea Kiingereza na wateja wa nchi nyingine, akaona kwamba asiyeelewa mara nyingi huliacha neno lipite, akitumaini litajieleza mbele. Biashara ilikwenda, na wakaonekana wanaelewana vizuri. Mezani wakati wa chakula, mgeni akisimulia habari za mbwa wake, nami nawaambia wagumu waache lipite. Huna haja ya kumsimamisha mtu kila sentensi, utamchosha. Likihusu mwili wake, saa, dawa au njia, haliruhusiwi kupita. Na kuhakikisha kusifanywe kwa "You understand?", maana swali hilo lina jibu moja dunia nzima. Sema: "Tell me, tomorrow, what time?" Akikutajia saa, umejua.

Nisimalize kama vile mbinu zinatosha. Selinker yule yule alionya kuhusu kuganda: mtu akishaona anaeleweka, lugha yake inaweza kusimama hapo hapo miaka nenda miaka rudi. Ninawafahamu waongoza wageni ambao kila kitu kwao ni "this thing". Wameeleweka tangu zamani, hawajaongeza neno. Kwa hiyo kuna hatua moja ya mwisho ninayoisisitiza. Ukimaliza kulizunguka neno na mgeni akaelewa, usiondoke. Muulize: "What do you call it?" Umeshalipa gharama ya kulitafuta, lichukue basi, liandike.

Msimu wa kiangazi ukikaribia kwisha wengine hupitia kunionyesha madaftari yao, yenye harufu ya mafuta ya taa na supu ya karoti. Ndani mna "blister", mna "zip is stuck", mna "crampon" lenye mchoro wa kiatu chenye kucha. Katika daftari la meku nilikuta ukurasa mzima wa maneno ya kitabibu, na katikati yake "pinzette", limeandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari, mbele yake: kitu kidogo kama mkasi usiokata, cha kutolea mwiba. Alilipata kwa utaratibu niliomfundisha, hatua zote. Aliuliza, akajibiwa, akaandika. Aliyemjibu alikuwa Mjerumani ambaye naye neno la Kiingereza lilimgomea, akampa la kwao. Nikaandika "tweezers" chini yake. Meku akayatazama yote mawili, akauliza lipi linaeleweka na watu wengi. Nikamwambia la chini. Akasema atayabeba yote, Wajerumani ni wengi Septemba.